Hajawahi kumeza dawa ya fangasi, usugu umetoka wapi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Uholanzi. Kaka yangu ana miaka 41 na ana saratani ya damu. Alimaliza mzunguko wa pili wa kemo, kinga ikiwa chini kabisa akapata mafua makali ya influenza, akaishia ICU kwenye mashine ya kupumulia. Baada ya siku chache wakasema ana fangasi kwenye mapafu, Aspergillus, wakamwanzishia vorikonazoli. Siku ya tano wakatuita tena: fangasi ni sugu, dawa haimgusi, wamembadilishia amfoterisini. Kaka hajawahi kumeza dawa ya fangasi maishani mwake. Usugu huo umetoka wapi? Mama haachi kulia, anasema ni yeye aliyepanda tulip bustanini huku kaka amekaa kibarazani anamtazama. Shangazi yetu wa Moshi naye anauliza kwa nini hawampi flukonazoli, mbona huko watu wanapewa na wanapona. Na sisi tunaomtembelea, hatutaambukizwa?

JIBU: Marahaba dada, na poleni sana, mama hasa.

Nianze na hilo neno "sugu", maana naona ndilo linalowaumiza. Tumelizoea kutoka kwenye kifua kikuu na antibayotiki: mtu kakatiza dozi, au kanunua vidonge vitatu dukani badala ya ishirini, vimelea vikaizoea dawa. Kwa hiyo ndugu wakiambiwa mgonjwa wao ana kimelea sugu, wanachosikia ni lawama. Kwa kaka yako hakuna dozi iliyokatizwa. Fangasi huyo alivutwa puani akiwa sugu tayari, na shule aliyosomea usugu ni shambani.

Aspergillus fumigatus kazi yake duniani ni kuozesha. Yuko kwenye majani makavu, kwenye mboji, kwenye nafaka iliyopata unyevu, kwenye udongo wa chungu cha maua. Ukimtazama kwa darubini unaona kijiti chenye kichwa kilichojaa vijimbegu, kama kile kifaa cha padri cha kunyunyizia maji ya baraka. Jina alipewa mwaka 1729 na mtaalamu wa mimea wa Florence, Pietro Antonio Micheli, kwa kumfananisha na kifaa hicho. Kila kijimbegu kina upana wa mikroni 2 hadi 3, ukivipanga zaidi ya ishirini ndipo unapata unene wa unywele mmoja. Kwa udogo huo havinaswi puani, vinashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mwisho. Wewe leo umeshavuta mamia. Mimi pia. Seli za ulinzi kwenye mapafu yetu zinavimeza kabla havijaota, nasi hatujui kitu.

Kaka yako alinyang'anywa ngao mbili kwa wakati mmoja. Kemo ilishusha seli nyeupe, hasa zile ziitwazo nutrofili, ambazo ndizo huua nyuzi za fangasi akishaanza kuota. Kisha influenza ikachubua utando wa ndani wa njia ya hewa, pakabaki kama goti lililokwaruzwa na lami. Watafiti wa Ubelgiji na Uholanzi walifuatilia wagonjwa 432 wa influenza waliolazwa ICU na kuchapisha matokeo mwaka 2018: 19% walipata Aspergillus wa mapafu, na kwa wale ambao kinga yao ilikuwa imeshuka hata kabla ya mafua, 32%. Karibu mmoja kwa kila watatu. Ndiyo maana madaktari wenu walimtafuta mapema hivyo. Kwingine wangesema ni nimonia, wakaendelea kubadilisha antibayotiki wiki nzima.

Sasa usugu wenyewe. Ngozi ya seli ya fangasi inashikiliwa na mafuta yaitwayo ergosteroli, kama yetu inavyoshikiliwa na kolesteroli. Kuna kimeng'enya kinachotengeneza ergosteroli, na jeni lake linaitwa cyp51A. Dawa za kundi la azoli, vorikonazoli ikiwemo, zinakwenda kukaa kwenye mdomo wa kimeng'enya hicho na kukiziba. Fangasi anakosa ergosteroli, ngozi inavuja, anakufa. Ni dawa nzuri kweli. Utafiti wa mwaka 2002 ulioifanya vorikonazoli kuwa chaguo la kwanza ulionyesha kuwa baada ya wiki 12 walikuwa hai karibu 71% ya waliopewa dawa hiyo, na karibu 58% ya waliopewa amfoterisini ya zamani.

Shida ni kwamba ergosteroli haiko kwa fangasi wa mapafu peke yake. Ukungu wa ngano unayo, wa zabibu unayo, na unaoozesha vitunguu vya maua, namaanisha vile viazi vyenye umbo la kitunguu vinavyochipua tulip, unayo vilevile. Kwa hiyo viwanda vya dawa za kilimo vilitengeneza azoli zao: tebukonazoli, propikonazoli, epoksikonazoli, difenokonazoli, bromukonazoli. Hizo tano, umbo lake linakaribiana sana na la azoli za hospitali, zinaingia kwenye mdomo uleule wa kimeng'enya kilekile. Mkulima anapulizia ngano, au analoweka vitunguu vya tulip kabla ya kupanda. Yeye hana ugomvi na Aspergillus, pengine hata hamjui. Lakini mabaki ya maua na vitunguu vilivyoharibika yanarundikwa pembeni yaoze, dawa ikiwa bado imo ndani kidogo kidogo, na rundo linapata joto. Aspergillus fumigatus anapenda joto. Anazaliana humo kwa mabilioni huku ananusa dawa miezi mingi. Asiyeivumilia anakufa, anayeivumilia anarithi rundo lote.

Alichorithi tunakijua kwa herufi zake. Mabadiliko ya kwanza yanaitwa TR34/L98H. TR34 maana yake kipande cha herufi 34 mbele ya jeni kimejirudia, na kwa sababu hiyo fangasi anatengeneza vimeng'enya vingi kuliko kawaida. L98H maana yake tofali moja la kimeng'enya, la 98, limebadilishwa, mdomo ukapinda, dawa haikai sawasawa. Yale ya pili ni TR46/Y121F/T289A, ambayo kwa vorikonazoli ni mabaya zaidi. Mtu aliyepata usugu kwa kutibiwa muda mrefu huwa na mabadiliko ya namna nyingine, mara nyingi tofali moja tu bila kile kipande cha kujirudia. Ukiona TR, umeona alama ya shamba. Waulize madaktari ni ipi kati ya hizo mbili, nadhani watakuwa nayo kwenye faili.

Uholanzi ndiko haya yalikoonekana kwa wingi mapema, kwenye sampuli za wagonjwa zilizohifadhiwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na sasa katika hospitali zao kubwa takriban mgonjwa mmoja kwa kumi mwenye fangasi huyu ana aliye sugu. Mwaka 2022 watafiti wa Uingereza walisoma vinasaba vya fangasi zaidi ya mia mbili, wa wagonjwa na wa mazingira ya Uingereza na Ireland. Baadhi ya waliotoka kwenye mapafu ya watu walikuwa karibu pacha wa waliotoka nje kwenye udongo na hewa.

Sasa mama na tulip zake. Naweza kukuandikia kwamba hazihusiani kabisa ili alale usingizi, lakini akija kusoma mwenyewe ataona nimemdanganya. Vitunguu vya tulip vinaweza kubeba fangasi sugu. Watafiti wa Dublin walinunua vitunguu vya maua vilivyotoka Uholanzi na kumkuta juu yake. Ila kati ya kusema "vinaweza kubeba" na kusema "ndivyo vilivyomwambukiza" kuna bonde refu. Kaka yako alipita sokoni, alipita pembeni ya mashamba, alifungua dirisha, alikaa kwenye basi. Vijimbegu hivyo husafiri na upepo. Hakuna maabara duniani itakayokwambia ni pumzi ipi kati ya maelfu iliyoleta kile kimoja, wala nani alikuwa karibu. Na vijimbegu hivyohivyo mama mwenyewe amevivuta, tena kwa wingi kuliko mwanawe maana yeye ndiye aliyeinama na kuchimba, na mapafu yake ni mazima. Kilichofungua mlango ni seli nyeupe kuisha na mafua kuingia. Mwambie hivyo, kwa maneno yenu ya nyumbani.

Uliuliza kwa chini chini (nimeiona kati ya mistari) kama siku zile tano zilipotea bure. Nikueleze kinachofanyika maabara. Wanachukua maji yaliyosuuzwa ndani ya mapafu kwa kamera, wanapima galaktomanani, sukari ya ukuta wa fangasi inayomwagika anapoota. Jibu la hilo linarudi haraka, na ndilo linaloanzisha dawa. Halijui sugu na asiye sugu. Ili kujua, lazima aoteshwe, na kwa wagonjwa wengi hakubali kuota. Akiota, unapata zulia la kijani lenye ubluu wa moshi, kama vumbi la chaki juu ya kitambaa. Hapo tunachukua kisahani chenye visima vinne. Vitatu vimechanganywa dawa, kimoja itrakonazoli, kingine vorikonazoli, cha tatu posakonazoli. Cha nne hakina dawa. Unadondoshea kila kisima tone la vijimbegu, unaweka kwenye joto la mwili, unarudi kesho na keshokutwa. Kisima cha nne lazima kiwe kijani, kisipokuwa hivyo umekosea kazi. Vile vitatu vikibaki wazi kama maji ya chumvi, unashusha pumzi. Mara yangu ya kwanza kuona kisima cha vorikonazoli kimeota manyoya sawasawa na kile kisicho na dawa, nilidhani nimechanganya lebo. Nikarudia. Kikaota tena.

Kuhesabu siku za kuotesha, za kukua na za visima, siku tano si uzembe. Kuna njia ya mkato: PCR, kipimo cha vinasaba kinachotafuta TR34 na TR46 moja kwa moja kwenye maji ya mapafu bila kusubiri kuota, na huko Uholanzi kipo. Kuna pia ushauri wa kundi la wataalamu wa mwaka 2015 kwamba pale ambapo usugu wa mazingira umezidi 10%, usianze na vorikonazoli peke yake; anza na amfoterisini ya liposomu (iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta), au ongeza dawa ya kundi la ekinokandini juu ya vorikonazoli. Mimi ni wa upande huo, kwa mgonjwa aliye mahututi. Wenzangu wengine wanaona ni kuwapa wagonjwa tisa sumu ya figo kwa ajili ya mmoja, na hoja yao si ya kipuuzi. Ninachokataa ni kumsubiria mtu wa ICU.

Na sababu ya kukataa ni hii, sitakuficha kwa kuwa umeniuliza kama mtu mzima. Utafiti wa hospitali za Uholanzi wa mwaka 2019 ulilinganisha waliopata fangasi asiye sugu na waliopata sugu. Kufikia siku ya 42, walikuwa wamefariki 28% kwa kundi la kwanza na 49% kwa la pili. Usichukue namba hizo ukambandika nazo kaka yako. Humo ndani wamo waliobadilishiwa dawa kwa kuchelewa sana, na wengine hawakubadilishiwa. Yeye amebadilishiwa.

Amfoterisini anayopewa sasa, ile ya maji ya njano inayoingia kwa dripu, haijali kimeng'enya kimepinda au hakijapinda. Inaikamata ergosteroli yenyewe na kuing'oa kwenye ngozi ya fangasi. Ilitokana na bakteria wa udongo wa bonde la mto Orinoco, Venezuela, katika miaka ya 1950. Ile ya asili ilikuwa kali: mgonjwa anatetemeka, homa inapanda, figo zinalalamika. Ya sasa imefungwa ndani ya vitone vya mafuta, inavumilika zaidi, dozi ya kawaida miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Figo bado ni za kuangaliwa kila siku, na potasiamu inamwagika kwenye mkojo, kwa hiyo msishangae kuona dripu nyingine za potasiamu na magnesi zimening'inia. Ukitaka maswali ya kuwauliza kesho asubuhi, uliza kreatinini (kipimo cha damu cha kuangalia figo) ikoje kulinganisha na juzi, uliza nutrofili zimeanza kupanda au bado, na kama alikuwa kwenye steroidi, zimepunguzwa? La nutrofili ndilo la kwanza. Dawa inamshika fangasi miguu, lakini anayemmaliza ni seli za kaka yako mwenyewe zikirudi. Halafu jambo moja linalowachanganya ndugu wengi: nutrofili zinapopanda, picha ya CT inaweza kuonekana mbaya zaidi kwa wiki ya kwanza, kivuli kinakua, kisha katikati panatoboka tundu lenye umbo la mwezi mwandamo. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba askari wamefika. Tiba yote haipungui wiki 6, kwa kawaida inafika 12.

Kwa shangazi wa Moshi: shangazi, shikamoo, swali lako ni zuri na nimelisikia hata kwa waganga wenzangu. Flukonazoli ni azoli kweli, lakini Aspergillus hamtambui tangu kuumbwa kwake, hata yule asiye na usugu wowote. Hao unaowaona wanapona huko ni wenye fangasi wa mdomo na koo, au wenye homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye Cryptococcus, tena hao wa mwisho huanza na amfoterisini kwanza. Kumpa mwenye Aspergillus flukonazoli ni kumpa maji. Nitaongeza kosa jingine ninaloliona sana: mgonjwa yuko kwenye mashine, makohozi yanaoteshwa, maabara inaandika "Candida", fangasi wa aina nyingine, basi anaanzishiwa flukonazoli ya nimonia. Candida kwenye makohozi ya mtu mwenye mpira kooni ni mpangaji wa kawaida, karibu kamwe hasababishi nimonia. Dawa inaisha bure na nimonia halisi inaendelea.

Tukiwa bado Moshi, msidhani haya ni ya Wazungu na maua yao. Mwaka 2014 ilichapishwa taarifa ya fangasi waliotolewa kwenye mazingira ya Kilimanjaro, na ndani yake walikuwemo wenye TR34/L98H na wenye TR46/Y121F/T289A, herufi zilezile. Ingia duka lolote la pembejeo, soma lebo za dawa za ukungu, utakutana na tebukonazoli na difenokonazoli. Tofauti ni kwamba kwetu visima vile vinne ni vya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo mgonjwa anaandikiwa kifo cha nimonia na daftari linafungwa. Na tuna tatizo letu la ziada: rifampisini. Mtu akiwa kwenye dawa za kifua kikuu, rifampisini inaliamsha ini lichome vorikonazoli kiasi kwamba zaidi ya 90% inapotea. Hapo fangasi ataonekana sugu ilhali dawa haikufika kabisa. Kabla ya kusema sugu, pima kiwango cha dawa kwenye damu, kiwe kati ya miligramu 1 na 5.5 kwa lita. Kwa kaka yako najua waligundua usugu kwenye fangasi mwenyewe, kwa hiyo hilo halimhusu.

Kuna dawa mpya njiani. Olorofimu haishiki ergosteroli kabisa, inaziba njia ambayo fangasi anatumia kutengeneza malighafi ya vinasaba vyake, na wenye TR inawaua. Wakati bado inapita kwenye majaribio ya wagonjwa, mwaka 2022 Marekani ilisajili dawa ya mashambani iitwayo ipuflufenokwini, inayoziba njia hiyohiyo. Nilipoisoma habari hiyo niliondoa miwani, nikaisoma upya. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari, 19 kwa jumla, Aspergillus fumigatus akiwa kati ya wanne wa daraja la juu kabisa.

Kuhusu kuambukizwa: hapana. Fangasi huyu hatoki kwa mgonjwa kwenda kwa anayemtembelea kwa kukohoa wala kwa kushikana mikono. Barakoa na kunawa mnakofanya ni kwa ajili ya kumlinda yeye na mafua yenu. Msimpelekee maua, wala mmea wa chungu, wala matunda makavu yaliyokaa wazi. Udongo na ukungu havitakiwi karibu naye hata akishahamishwa wodi. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, mtu mwingine ageuze mboji na akate majani, nguo zioshwe kabla ya kukaa naye, na ukuta wenye ukungu bafuni upakwe upya kabla hajafika. Kama anavuta bangi, mwambie kwa upole kwamba majani yale yana vijimbegu hivihivi na moto hauviui vyote.

Tulip za mama zimeshapandwa. Ziacheni zichipue, mama azichume mwenyewe, na ziwekwe chumba ambacho kaka halali.